Prosesa ya bei nafuu, kasi ya ziada, na joto linaloifuata

SWALI: Nina kompyuta yenye prosesa ya Ryzen 3 1200 kwenye madabodi (ubao mkuu) ya B450, pamoja na kadi ya michoro ya kawaida. Nataka prosesa nyingine ya bei nafuu, hata iliyokwisha kutumika, ambayo nitaweza kuiovakloki, yaani kuipandisha kasi kupita ile ya kiwandani. Nimeonyeshwa Core i5-12400F kwa bei nzuri. Je, inanifaa? Na feni inayokuja kwenye boksi itatosha kuipoza, au ninunue kipoza cha maji?

JIBU: Nianze na hiyo Core i5-12400F, kwa kuwa ndiyo itakayokutia hasara upesi zaidi. Ni prosesa nzuri, lakini haikufai kwa sababu mbili. Kwanza, haiingii kwenye madabodi uliyo nayo. B450 ina soketi ya AM4 ya AMD, wakati hiyo i5 inataka soketi ya LGA 1700, kwa hiyo bei uliyotajiwa ni ya prosesa peke yake na madabodi bado hujainunua. Pili, kizidishi chake kimefungwa. Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuchukua saa ya msingi, ambayo kwa kawaida ni MHz 100, na kuizidisha kwa namba fulani. 100 mara 44 ni MHz 4400, yaani GHz 4.4. Intel huiacha namba hiyo wazi kwa prosesa zenye herufi K katika jina, na hata hizo hudai madabodi ya daraja la Z. Herufi F haihusiani na kasi hata kidogo; maana yake ni kwamba prosesa haina michoro ya ndani. Zilikuwapo madabodi chache za B660 zenye saketi yake ya pembeni ya kuzalisha saa, ambazo ziliwawezesha watu kupandisha saa ya msingi yenyewe na hivyo kulikwepa kufuli hilo, lakini kuisaka madabodi ya namna hiyo kwa ajili ya 12400F ni sawa na kununua tandiko la dhahabu kwa ajili ya punda wa kukodi.

Upande wa AMD mambo ni mepesi zaidi. Prosesa za Ryzen za kompyuta ya mezani karibu zote zina kizidishi kilicho wazi, isipokuwa chache kama Ryzen 7 5800X3D, na linaloamua ni chipseti ya madabodi, yaani chipu inayosimamia madabodi na kuipa jina la daraja lake. Chipseti za B350, B450, B550 na zile za daraja la X zinaruhusu kupandisha kasi. A320 na A520 haziruhusu. Wewe tayari unayo B450, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kutafuta imeshamalizika kabla hujatoa hata senti.

Sasa ipo hoja moja ambayo wengi hawapendi kuisikia, nami nitaitaja mapema ili usije ukanilaumu baadaye. Sifa ya prosesa nafuu inayopandishwa kasi ilijengwa katika zama nyingine. Mwaka 1998 Intel iliuza Celeron 300A ya MHz 300, ambayo kizidishi chake kilikuwa 4.5 na basi yake ya mbele, yaani saa ya msingi ya zama hizo, MHz 66. Aliyeisogeza basi hiyo hadi MHz 100 alipata MHz 450 papo hapo, yaani nusu ya kasi ya awali juu ya kasi ya awali, na prosesa ya bei ya chini ikaanza kushindana na za bei ya juu kabisa. Mwaka 2014 ikaja Pentium G3258 ya viini viwili (kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya hesabu), GHz 3.2, iliyoachwa wazi kwa makusudi, ambayo wengi waliifikisha zaidi ya GHz 4. Katika zama hizo kiwanda kilikuwa kinaacha akiba kubwa mezani. Leo prosesa yenyewe hupima joto, volteji na mkondo wa umeme mara nyingi kila sekunde, kisha ikajipandisha hadi karibu na ukomo wake bila kuombwa. Akiba iliyokuwa yako imeshaliwa na kiwanda, na yaliyobaki ni makombo.

Kutokana na hilo nasema hivi: kwa fedha ndogo, kizazi kipya huishinda kasi iliyopandishwa. Chukua prosesa mbili ambazo utakutana nazo sana kwa mtumba, Ryzen 5 3600 na Ryzen 5 5600. Zote zina viini sita na nyuzi za kazi 12, yaani kazi 12 zinazoweza kwenda sambamba, na zote zimeandikwa wati 65. Ile 3600 hufika GHz 4.2, na ukihangaika nayo wiki nzima utaongeza asilimia chache tu. Ile 5600 hufika GHz 4.4, lakini tofauti kubwa haimo katika namba hiyo. Katika 3600 viini vimegawanywa makundi mawili ya vitatu vitatu, kila kundi na megabaiti 16 za hifadhi ya karibu (cache, kumbukumbu ya kasi iliyo ndani ya prosesa), na kundi moja likitaka data ya jingine hupoteza muda njiani. Katika 5600 viini vyote sita viko kundi moja vikitumia kwa pamoja megabaiti 32. Kwenye michezo ya kompyuta, ambayo hupenda mno hifadhi ya karibu, 5600 isiyoguswa huiacha nyuma 3600 iliyopandishwa hadi mwisho. Kwa hiyo kama tofauti ya bei kati yake ni ndogo, nunua 5600 bila kusita. Kama ni kubwa, 3600 bado ni hatua ndefu kutoka Ryzen 3 1200 yako yenye viini vinne na nyuzi nne tu. Prosesa zenye herufi G ziache, kwa kuwa unayo kadi ya michoro, na hifadhi yao ya karibu imepunguzwa ili kutoa nafasi kwa michoro ambayo hutaitumia.

Ukinunua iliyotumika, igeuze kabla ya kulipa. Prosesa za AM4 zina pini zake upande wa chini, zaidi ya 1,300, na iliyopinda huonekana upesi ukiishika prosesa usawa wa jicho na kuangalia mistari ya pini kwa ulalo, kwanza upande mmoja kisha upande wa pili. Pini mbili tatu zilizoinama kidogo hunyooshwa kwa wembe mwembamba au ncha tupu ya penseli ya chuma. Pini iliyokatika ni jambo jingine, usiinunue. Baada ya kuifunga, thibitisha jina lake kwa programu ya CPU-Z, kwa maana maandishi ya juu ya kifuniko yanaweza kufutwa na kuchapwa upya.

Usiiondoe Ryzen 3 1200 kabla ya kusasisha BIOS, yaani programu ya msingi iliyo ndani ya madabodi. Madabodi za B450 zilitoka mwaka 2018, na programu zao za kuitambua Ryzen 5000 zilianza kutoka kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021. Ukiifunga 5600 juu ya BIOS ya zamani, skrini itabaki nyeusi na utadhani umeuziwa mzoga. Sasisha ukiwa na prosesa ya zamani, washa mara moja uhakikishe kila kitu kiko sawa, ndipo ubadilishe. Soma pia orodha ya prosesa zinazokubaliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji wa madabodi yako, kwa sababu baadhi ya BIOS mpya zinapoongeza prosesa mpya huzifuta za zamani ili nafasi itoshe, na kurudi nyuma huwa taabu.

Kuhusu joto, inafaa uelewe hesabu moja, kwa sababu ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Umeme unaotumiwa na prosesa hukua sawia na kasi, lakini hukua kwa kipeo cha pili cha volteji. Tuseme unaitoa prosesa GHz 4.0 kwenda 4.4, na ili isimame imara huko unapandisha volteji kutoka 1.20 hadi 1.35. Kasi imeongezeka kwa asilimia 10. Volteji imezidishwa kwa 1.125, na kipeo chake cha pili ni karibu 1.27, zidisha kwa 1.10 ya kasi utapata karibu 1.39. Maana yake, prosesa iliyokuwa ikitoa wati 70 za joto sasa inatoa 97, kwa ajili ya sehemu moja ya kumi ya kasi. Hesabu hiyo hiyo ukiigeuza inakuwa rafiki yako: ukiipunguza volteji kidogo bila kupunguza kasi, joto linashuka kwa wingi kuliko unavyotarajia, na prosesa inayojipandisha yenyewe ikiona joto na umeme vimepungua itapanda juu zaidi kwa hiari yake. Hiyo ndiyo njia nitakayokushauri.

Feni ya kwenye boksi, ile iitwayo Wraith Stealth, ni bamba la alumini tupu lisilo na mrija hata mmoja wa joto. Kwa prosesa isiyoguswa inatosha, ingawa kwa kelele. Kwa kuongeza kasi haitoshi. Lakini kutoka hapo kurukia kipoza cha maji ni kuruka ngazi ambayo ingekutosheleza kabisa, nayo ni kipoza cha mnara: mirija minne au zaidi ya shaba inayopita chini juu ya prosesa kisha kupanda katikati ya mapezi ya alumini, na feni moja ya milimita 120 ubavuni. Ndani ya kila mrija mna kimiminika kidogo sana kilichofungiwa kwenye mgandamizo mdogo; joto hukigeuza mvuke, mvuke hupanda, hupoa kwenye mapezi, kisha kimiminika hurudi chini kupitia kuta zenye vinyweleo. Hakuna pampu wala kitu kinachozunguka isipokuwa feni, na feni ikichoka hubadilishwa kwa dakika tano. Kipoza cha maji kina pampu, na pampu ikifa kipoza chote kimekufa.

Ipo na sababu ya ndani zaidi ya kutokufuata maji kwa prosesa ya aina hii. Chini ya kile kifuniko cha chuma cha 5600, viini vyote vimo katika kipande cha silikoni cha takribani milimita za mraba 81, ambacho ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, tena hakiko katikati bali kimesogea upande mmoja. Foleni ya joto inajipanga pale, katika njia nyembamba kutoka silikoni hadi kifuniko, kabla hata ya kukifikia kipoza. Kuongeza ukubwa wa kipoza kupita kiasi ni kupanua barabara baada ya daraja jembamba. Kutoka Stealth kwenda mnara mzuri utaona tofauti kubwa. Kutoka mnara mzuri kwenda maji utaona nyuzi chache tu za joto, ambazo hazilingani na fedha zake.

Kabla ya kununua mnara pima vitu viwili. Cha kwanza ni upana wa kasha lako, kwa sababu minara mingi ina urefu wa milimita 150 hadi 160 na ubavu wa kasha dogo hautafunga. Cha pili ni saketi ya kudhibiti volteji iliyo pembeni mwa soketi, ambayo mafundi huiita VRM. Madabodi nyingi nafuu za B450 huacha sehemu ya saketi hiyo bila bamba la kupozea. Stealth ilikuwa ikipuliza kwenda chini na kuipepea bila wewe kujua. Mnara hupuliza kwa ulalo kuelekea nyuma na kuiacha katika joto lake. Kwa 5600 iliyopunguzwa volteji hilo halitakuua, lakini uhakikishe kuna feni ya mbele inayoingiza hewa na ya nyuma inayoitoa. Ukitaka kujua kama kasha lako linapumua, endesha kazi nzito kwa dakika 15 na kusoma joto, kisha fungua ubavu wa kasha uendelee kwa dakika nyingine 15. Joto likishuka kwa nyuzi nane au kumi, tatizo lako ni kasha, na kipoza kipya kitapozwa na hewa ile ile ya moto. Kumbuka pia kwamba kipoza hakishushi joto chini ya lile la chumba. Kama prosesa hukaa nyuzi 45 juu ya hewa inayoizunguka, chumba cha nyuzi 22 kitakupa 67, na cha nyuzi 32 kitakupa 77, kwa kipoza kile kile.

Siku ya kuifunga ndiyo siku ya ajali. Soketi ya AM4 huishika prosesa kwa pini tu, na pesti (ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza) ya zamani iliyokauka ina nguvu kama gundi, kwa hiyo mtu akikivuta kipoza juu kwa nguvu, prosesa hung'oka nacho na pini hupinda. Washa kompyuta ufanye kazi nzito kwa dakika kumi ili pesti ilainike, zima, chomoa waya wa umeme, legeza skrubu, kisha kizungushe kipoza polepole kushoto na kulia mpaka usikie kimeachia. Ndipo ukiinue. Skrubu nne za Stealth huingia moja kwa moja kwenye bamba la nyuma ya madabodi, na zikishatoka bamba hilo halishikiliwi na kitu. Lishike kwa mkono wa pili lisianguke. Futa pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati na nyingine ndogo kila upande, na ukaze skrubu kwa mshazari, mizunguko miwili miwili, ili shinikizo lienee sawa.

Na tafadhali angalia chini ya kipoza kipya. Niliwahi kuletewa kompyuta iliyopanda hadi nyuzi 95 ndani ya sekunde chache na kujipunguza kasi, ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kuibadilishia pesti mara tatu. Nilipokifungua kipoza nilikuta ile karatasi laini ya plastiki, yenye maandishi ya kuonya kwamba iondolewe, ingali imebandikwa kwenye shaba, na pesti imepakwa vizuri sana juu yake.

Baada ya kufunga, kazi ya kwanza haihusu prosesa bali RAM. Wengi hununua RAM iliyoandikwa 3200 wakaiacha ikienda 2133 au 2400, kwa sababu hawajawasha kwenye BIOS profaili ya XMP, yaani mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe. Ryzen huunganisha kasi ya njia zake za ndani na kasi ya RAM, kwa hiyo kuiwasha profaili hiyo huleta faida unayoweza kuiona kwa macho, mara nyingine kubwa kuliko utakayoipata kwa prosesa yenyewe. RAM ikikubali 3600, ambayo saa yake halisi ni MHz 1800 kwa kuwa hupitisha data mara mbili kila mzunguko, huku njia ya ndani nayo ikienda MHz 1800, yaani uwiano wa 1:1, umefika mahali pazuri kwa 5600, na mimi sioni haja ya kuhangaika kupita hapo.

Kisha, humo humo kwenye BIOS, ingia kwenye sehemu ya Precision Boost Overdrive, inayoilegezea prosesa ukomo wa kujipandisha. Usifunge kasi moja kwa viini vyote kama ilivyokuwa desturi zamani, kwa maana utaipoteza ile kasi ya juu ambayo kiini kimoja hujichukulia katika kazi nyepesi, na volteji itakaa juu hata ukiandika barua. Ukilazimika kufanya hivyo, mimi mwenyewe sivuki volti 1.3. Na usiogope ukiona prosesa isiyofungwa ikigusa 1.4 na zaidi kwa muda mfupi kwenye kazi nyepesi. Huo ni mwenendo wake wa kawaida. Kwa 5600 tumia Curve Optimizer, nyenzo ya kupunguza volteji ya kila kiini, inayopatikana kuanzia Ryzen 5000. Weka hasi 10 kwa viini vyote, ruhusu ukomo wa umeme uongezeke kiasi, na kuongeza MHz 100 juu ya kasi ya mwisho; ukomo wa nyongeza hiyo ni MHz 200. Kama ni 3600 uliyoinunua, nyenzo hiyo haipo, hivyo mategemeo yako makubwa yawe RAM na kipoza. Ujue vilevile kwamba AMD haitambui udhamini kwa madhara yanayotokana na kupandisha kasi, ikiwa ni pamoja na Precision Boost Overdrive, jambo ambalo kwa mnunuzi wa mtumba halina uzito mkubwa.

Pima kwa Cinebench, programu inayoipa prosesa kazi nzito na kuitolea alama, kwa dakika kumi huku programu ya HWiNFO ikionyesha joto. Nyuzi 80 kwenye kazi nzito si tatizo. Nikiona 90 narudi kukagua kipoza. Angalia pia alama, usiangalie kasi peke yake. Ryzen iliyopunguziwa volteji kupita kiasi hujinyoosha saa kimyakimya, yaani huandika GHz 4.6 kwenye skrini huku kazi inayotoka ni ya GHz 4.3. Alama zikishuka wakati kasi inayosomeka imepanda, rudi hatua moja.

Kisha shuka hasi 15, halafu hasi 20, ukipima kila mara. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaiwashia Prime95, programu ya kuibana prosesa kwa hesabu nzito, kwa viini vyote usiku kucha, inapita, wanashangilia, na kesho yake kompyuta inajizima mtu akiwa anasoma habari tu. Mzigo mzito huishusha kasi, na kwa kasi ya chini volteji ndogo inatosha. Hatari ya Curve Optimizer iko kwenye mzigo mwepesi, kiini kimoja kinapopanda peke yake hadi kileleni. Kwa hiyo tumia programu ya CoreCycler, inayojaribu kiini kimoja kimoja kwa zamu, na baada yake iache kompyuta usiku mzima ikiwa imewashwa bila kazi. Asubuhi fungua kumbukumbu za matukio za Windows utafute makosa ya WHEA, yaani makosa ya vifaa ambayo Windows huyaandika. Mara nyingi huandikwa pamoja na namba inayoelekeza kwenye kiini kilichokosea. Kiini hicho kirudishe juu kwa alama tano, vingine viache vilipo, urudie usiku unaofuata.